Hesabu kubwa za uboreshaji kwenye kompyuta nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wanafunzi wa uzamili, watu wa usafirishaji na wahandisi wa umeme ambao modeli zao zimekua hadi laptop ikagoma. Wengi huja na swali moja tu, "nipate wapi seva kubwa?", na karibu wote huondoka na kazi nyingine kabisa ya kufanya. Mfano wangu mkuu ni SCIP, programu ya kutatua modeli za namna hii, na mwenzake UG anayeigawa kazi hiyo kwa kompyuta nyingi, kwa sababu hizo ndizo nimekaa nazo muda mrefu na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia.

Uboreshaji wa kihisabati ndio nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni kutafuta uamuzi usio na mwingine wa kuushinda, huku ukitii masharti uliyopewa. Chukua dalali mwenye Canter ya tani 4. Asubuhi ana wateja watatu. Wa saruji ana tani 3, analipa shilingi 180,000. Wa mchele ana tani 2, analipa 110,000. Wa mabati ana tani 2, analipa 100,000. Hakuna anayekubali mzigo wake ukatwe vipande. Abebe wa nani?

Vigeu hapa ni vitatu, kila kimoja ni ndiyo au hapana. Sharti ni moja: tani zisizidi 4. Lengo ni ujira mkubwa kabisa. Jibu ni mchele na mabati, shilingi 210,000, ingawa macho ya wengi hukimbilia saruji kwa kuwa inalipa zaidi kwa kila tani.

Modeli yenye vigeu vya namba kamili kama hivi huitwa MIP. Kama vigeu vyote vinaruhusiwa desimali, na lengo na masharti yote ni ya mstari, ni LP. LP ina njia za kuaminika tangu George Dantzig alipotoa simpleksi mwaka 1947. MIP ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Si kompyuta zina kasi? Kwa nini zisijaribu kila jibu?

Chukua modeli ndogo ya vigeu 60 vya ndiyo/hapana. Michanganyiko yake inazidi bilioni ya bilioni. Kompyuta inayokagua michanganyiko bilioni moja kila sekunde itamaliza baada ya miaka 36 hivi. Haya, tuseme umepata kompyuta 1,000: siku 13, umemaliza. Sasa bosi anarudi na vigeu 10 zaidi, maana kumeongezeka ghala. Michanganyiko imezidishwa mara 1,024, na umerudi kwenye miaka 36 na ushei, safari hii ukiwa na bili ya umeme ya kompyuta 1,000.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kompyuta nyingi ni suluhisho la hesabu ngumu. Zinasaidia pale tu ambapo akili ya kukata imeshafanya kazi yake.

Akili hiyo ya kukata inafanyaje?

Turudi kwenye Canter. Solva, yaani programu ya kutatua modeli, kwanza hulegeza masharti: hebu tujifanye mzigo unaweza kukatwa. Hapo dalali angebeba saruji yote na nusu ya mchele, apate 180,000 na 55,000, jumla 235,000. Jibu hilo halitekelezeki, lakini lina faida kubwa: sasa tunajua hakuna mpango wowote duniani utakaozidi 235,000. Hicho ndicho kikomo.

Mchele umekatwa nusu, basi tunaugawa mti hapo. Tawi la kwanza, mchele haubebwi: kikomo kinashuka hadi 230,000. Tawi la pili, mchele unabebwa: nalo 230,000, maana linaleta theluthi mbili za saruji. Katika tawi hili la pili, ukisema saruji ibebwe yote, tani zinafika 5, haiwezekani. Ukisema isibebwe, unapata mchele na mabati, 210,000, jibu kamili lisilo na kipande. Kuanzia hapo, tawi lolote ambalo kikomo chake hakizidi 210,000 linakatwa bila kuangaliwa ndani. Upande wa kwanza, kwa mfano, ukiamua na mabati yabaki, kikomo ni 180,000. Kata, endelea. Kwa mizigo mitatu tumeokoa kidogo. Kwa mizigo mia tatu, chini ya tawi lile moja kungekuwa na mamilioni ya matawi ambayo hatutayaona kamwe.

Mbinu hii ilitolewa na Ailsa Land na Alison Doig wa London School of Economics mwaka 1960, na solva zote kubwa za MIP leo zinasimama juu yake, zikiongezewa mikato (masharti ya ziada yanayokata majibu ya vipande), usafishaji wa modeli kabla ya kuanza, na mbinu za kubahatisha majibu mazuri mapema.

Kwa hiyo mti ndio unaogawanywa kwa kompyuta nyingi?

Mara nyingi ndiyo, lakini si njia pekee, na kuchanganya njia hizi ndiko kunakofanya watu wanunue mashine isiyowafaa.

Njia ya kwanza ni mashindano. Unaipa kila mashine modeli ileile nzima, ila kila moja na mipangilio yake. Ya kwanza kumaliza ndiyo mshindi, nyingine zinazimwa. Inaonekana kama ubadhirifu, na ni ubadhirifu kweli, lakini kwa LP ndiyo desturi: solva huanzisha simpleksi kwenye kiini kimoja cha prosesa na njia ya ndani, mbinu nyingine ya LP, kwenye vingine, kisha inachukua jibu la kwanza.

Ya pili ni kugawa mti, kila mfanyakazi na tawi lake.

Ya tatu hufanyika chini kabisa, ndani ya aljebra. Njia ya ndani, iliyopata umaarufu baada ya kazi ya Narendra Karmarkar ya mwaka 1984, hutumia muda wake mwingi kuvunja matriki (jedwali la namba) kubwa yenye sifuri nyingi. Kazi hiyo inagawanyika vizuri. Simpleksi haigawanyiki vizuri, kwa sababu kila hatua inasubiri iliyotangulia, na kila hatua yenyewe ni ndogo. Qi Huangfu na Julian Hall wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitoa jasho hasa kupata simpleksi inayotumia viini vingi, na kazi yao ndiyo msingi wa solva ya HiGHS. Faida ipo, lakini usitegemee mara kumi.

Ya nne ni kuivunja modeli yenyewe. Kama una modeli ya umeme yenye hali 500 za mvua zinazoweza kutokea, kila hali ni modeli ndogo, na zimefungwa pamoja na maamuzi machache tu, kama vile mtambo gani ujengwe. Hapo kila hali inakwenda kwa mashine yake, kisha mashine zinakutana kupatana juu ya maamuzi hayo ya pamoja. Ukiwa na modeli ya sura hii una bahati. Kwa ugawaji wa kazi hakuna nyingine inayoishinda.

Nikizidisha viini mara mbili, muda utapungua nusu?

Hapana. Fikiria mpishi wa shughuli. Vijana 20 watamenya vitunguu haraka kuliko wawili, sawa. Lakini pilau likishafunikwa na kuwekewa makaa juu, hata ukileta vijana 200 watakaa wakiangalia sufuria. Gene Amdahl alilisema hili mwaka 1967 kwa hesabu: kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, huwezi kupita mara 10 hata ukiwa na mashine zote za dunia. Viini 16 vitakupa mara 6.4. Viini 64 vitakupa mara 8.8. Yaani umelipa mara nne zaidi kwa nyongeza isiyofika nusu.

Kwenye MIP, pilau lenyewe ni mzizi wa mti: kusafisha modeli, kutatua LP ya kwanza, kuongeza mikato. Nimeona modeli inayokaa mzizini dakika 40 kisha inamaliza mti mzima kwa dakika 6. Mwenye modeli hiyo alikuwa anaomba viini 128.

UG na ParaSCIP zinagawaje mti?

SCIP yenyewe ilizaliwa Zuse Institute Berlin, Ujerumani, ikianzia kwenye kazi ya Tobias Achterberg. Kwa kawaida inatumia kiini kimoja. UG, ambayo mjenzi wake mkuu ni Yuji Shinano wa taasisi hiyohiyo, ni ganda linaloichukua solva ya kiini kimoja na kuiendesha kwa wingi. Ikitumia nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mashine moja, inaitwa FiberSCIP. Ikitumia MPI, njia ya programu kutumiana ujumbe, kuvuka mashine nyingi inaitwa ParaSCIP.

Mpangilio wake ni wa nyapara na vibarua. Nyapara hatatui chochote. Kazi yake ni kujua nani ana kazi, nani amekaa, na jibu bora lililopatikana hadi sasa ni lipi. Kila kibarua ni SCIP nzima, yenye tawi lake, inayoendelea kulipasua ndani kwa ndani bila kumsumbua nyapara. Kibarua akimaliza, nyapara humwambia mwenzake aliyelemewa atoe tawi moja. Na si tawi lolote: linatafutwa lile linaloelekea kuwa na kazi nzito chini yake, maana ukihamisha tawi litakaloisha kwa sekunde mbili, umepoteza muda mwingi kulisafirisha kuliko kulitatua. Habari njema ikipatikana, kama zile 210,000 za Canter, inatangazwa kwa wote papo hapo ili kila mtu akate upande wake.

Mwanzo ndio mgumu. Mti una mzizi mmoja, vibarua 1,000 wamesimama na majembe. UG ina ujanja mzuri hapa: kila kibarua anaanza na modeli yote, mipangilio tofauti, wanashindana. Muda uliowekwa ukiisha, nyapara anaangalia nani amefika pazuri, anachukua mti wa huyo mmoja na kuugawa kwa wote. Miti ya wengine inatupwa. Kwa maneno mengine, ni ile njia ya mashindano ikitumika kuwasha moto wa njia ya kugawa mti.

Kwa mpango huu, mwaka 2016 Shinano na wenzake walitoa taarifa ya kutatua modeli za MIPLIB ambazo hazikuwahi kutatuliwa na yeyote, wakitumia hadi viini 80,000 vya kompyuta kubwa Titan iliyokuwa Oak Ridge, Tennessee. MIPLIB ni mkusanyiko wa modeli ngumu ambao watu wa fani hii hupimiana nao ubavu.

Kompyuta za namna hiyo si hutoa muda wa saa chache tu? Kazi ya wiki inawezekanaje?

Hapo ndipo kuhifadhi hali kunapoingia. ParaSCIP haihifadhi mti wote, maana ungekuwa faili lisilobebeka. Inahifadhi yale matawi ya juu tu ambayo hayana mzazi anayesubiri, pamoja na jibu bora. Zamu ikiisha, zamu inayofuata inaanzia hapo, na kila tawi linasafishwa upya kama modeli mpya. Kazi fulani inarudiwa, ndiyo, lakini kwa vile sasa kuna kikomo kizuri na jibu zuri mkononi, usafishaji huo hukata zaidi kuliko mara ya kwanza. Mimi hupenda kusitisha na kuanzisha upya hata pale ambapo sijalazimishwa.

Lazima iwe kompyuta kubwa? Hatuna.

Tukio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii halikutumia kompyuta kubwa moja. Kuna fumbo liitwalo nug30, lililowekwa mwaka 1968 na Nugent, Vollmann na Ruml: una vituo 30 na nafasi 30, kila jozi ya vituo ina mizigo inayopita kati yao, upange vipi ili usafiri uwe mdogo kabisa? Mipangilio yake ni namba ya tarakimu 33. Lilikaa miaka zaidi ya 30.

Juni 2000, Kurt Anstreicher, Nathan Brixius, Jean-Pierre Goux na Jeff Linderoth walilimaliza kwa muda wa wiki moja. Walitumia Condor, programu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison inayookota kompyuta za mezani ambazo wenyewe wamekwenda kulala au kunywa kahawa. Kwa wastani walikuwa na mashine 650 hivi kwa wakati mmoja, kuna saa zilizidi 1,000, zikiwa Marekani na hadi Italia. Nodi za mti, yaani sehemu unapogawanyika au kukatwa, zilikuwa bilioni 11.9. Kompyuta moja ya wakati ule ingehitaji kama miaka 7.

Fikiria mazingira yake: mwenye kompyuta akirudi na kugusa kibodi, kazi yako inafukuzwa. Kibarua anatoweka bila kuaga. Kwa hiyo nyapara alilazimika kukumbuka kila tawi alilolitoa hadi jibu lake lirudi. Ila tazama kilichowafikisha: kabla ya kuazima hata mashine moja, walikuwa wamepata njia mpya ya kupiga kikomo, yenye gharama ndogo na makali ya kutosha. Bila kikomo hicho, mashine 1,000 zisingefika popote. Condor bado ipo, siku hizi inaitwa HTCondor, na maabara ya chuo yenye kompyuta 40 zinazolala usiku ni mali kuliko wenyewe wanavyodhani.

Nimeongeza nyuzi kutoka 4 hadi 8 na muda umeongezeka. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Ten-Hwang Lai na Sartaj Sahni waliandika juu ya jambo hili mwaka 1984. Mti unaopitiwa na watu wanane si mti uleule unaopitiwa na wanne, kwa sababu utaratibu wa kutembelea matawi umebadilika. Pengine yule wa nne angefika mapema kwenye jibu zuri lililokata nusu ya mti, na sasa amepangiwa kwingine. Kinyume chake pia hutokea: nyuzi 8 zikakupa kasi ya mara 20. Usiende kuitangaza hiyo ya 20. Endesha modeli hiyohiyo kwa mbegu tano tofauti (namba zinazobadilisha bahati nasibu ya solva), kisha ndipo uzungumze.

Ila kabla ya kuulaumu mti, hakikisha mashine ina viini 8 vya kweli. Baadhi ya laptop zinazojitangaza kuwa na 8 zina 4 vinavyojionyesha kama 8, na hesabu za aina hii, ambazo hushinda zikisubiri data kutoka kwenye RAM, mara nyingi hazipati faida kubwa kwa kiini cha kujifanya.

Kila nikiendesha napata mpango tofauti, ingawa gharama ni ileile. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Mipango miwili inaweza kuwa bora sawasawa, na nani anaipata kwanza kunategemea uzi upi uliwahi kwa kufumba na kufumbua. Solva nyingi zina hali mbili: ya kuvizia, yenye kasi, isiyoahidi kurudia, na ya kurudia, ambapo nyuzi husubiriana kwenye vituo ili matokeo yawe yaleyale kila mara. Ukienda kwa meneja na ratiba ya madereva iliyobadilika bila sababu, utajua kwa nini ile ya pili ipo.

Seva inaonyesha viini vyote viko asilimia 100, lakini kazi haisogei.

Hili lilinikuta mwenyewe. Seva ya taasisi moja, viini 16. Nilikuwa na modeli isiyo ya mstari, nikaanzisha vibarua 16 vya SCIP, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha. Asubuhi nodi zilizotatuliwa zilikuwa chache kuliko za laptop yangu. Kwenye `top`, amri inayoonyesha kazi za mashine, mzigo ulikuwa unasoma 250 na ushei.

Ilikuwa hivi: kwa modeli zisizo za mstari SCIP huiita Ipopt, solva ya modeli za aina hiyo, nayo Ipopt huita maktaba ya aljebra, na ile maktaba ilipoona viini 16 ikafungua nyuzi 16. Kila kibarua kivyake. Nyuzi 256 zikigombania viini 16, kila moja ikifukuza data ya mwenzake kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Manahodha wengi, chombo kimekwenda mrama. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kuanzisha:

`export OMP_NUM_THREADS=1`

Baada ya hapo kazi ya usiku kucha iliisha kabla ya chai ya saa nne. Siku hizi mstari huo upo kwenye kila skripti yangu ya Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye kompyuta za pamoja, hata pale usipohitajika.

RAM inajaa kabla ya saa kufika.

Kumbuka kila kibarua ana nakala yake ya modeli nzima. Kama SCIP moja inakula GB 6, vibarua 16 ni karibu GB 100 kabla mti haujaota. Punguza vibarua. Ni afadhali 8 wanaopumua kuliko 16 wanaosubiri diski.

Nyuzi au MPI?

Mashine moja: nyuzi. Mashine zaidi ya moja: MPI, huna ujanja. Amri zenyewe ni fupi. FiberSCIP kwa nyuzi 8 ni `fscip default.prm modeli.mps -sth 8`, na ParaSCIP huanzishwa kwa `mpirun` kama programu nyingine yoyote ya MPI. Usisahau kwamba nafasi moja inachukuliwa na nyapara.

Nasikia GPU, zile prosesa za kadi za picha, sasa zinatatua LP. Kweli?

Kweli, na ni mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona katika fani hii kwa miaka ya karibuni. Zamani GPU hazikufaa, kwa kuwa kuvunja matriki yenye sifuri nyingi ni kazi ya kurukaruka, na GPU inapenda kazi iliyonyooka. Mwaka 2021 watu wa Google walitoa PDLP, ambayo haivunji matriki kabisa. Inazidisha tu matriki kwa vekta, tena na tena, maelfu ya mara. Kuzidisha ndicho chakula cha GPU. Haihao Lu na Jinwen Yang wakaipeleka huko mwaka 2023 kwa cuPDLP, na toleo lake la lugha ya C likaingizwa hadi ndani ya HiGHS.

Sasa tahadhari. Majibu yake huwa ya usahihi wa kadiri, tuseme tarakimu nne, na hayakai kwenye kona kabisa ya umbo la majibu yanayoruhusiwa kama ya simpleksi. Kwa kupanga umeme wa nchi nzima kwa mwaka, tarakimu nne zinatosha na zinabaki. Kwa MIP, ambayo inahitaji LP ndogondogo laki kadhaa, kila moja ikianzia pale iliyotangulia ilipoishia, simpleksi ya mwaka 1947 bado haijapata mrithi. Ukinunua GPU kwa ajili ya MIP pekee, utakuwa umenunua hita.

Solva ipi nichukue?

Kama ni LP au MIP ya wastani na unatumia Python, anza na HiGHS. Ina leseni ya MIT, na kama una maktaba ya SciPy ya karibuni tayari unayo, ndiyo inayofanya kazi nyuma ya `linprog`. Ila usiichague kwa ajili ya kugawa mti; kwenye MIP matumizi yake ya viini vingi, kwa matoleo niliyopitia, ni haba.

SCIP ni ya kwako kama unataka kuandika mikato au mbinu zako ndani yake, kama modeli si ya mstari, au kama una klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) na uvumilivu. Tangu toleo la 8.0.3 iko chini ya leseni ya Apache 2.0, hivyo hata kampuni inaitumia bila kulipa. Miaka ya nyuma haikuwa hivyo, na bado nakutana na watu wanaoiogopa kwa sababu ya leseni ya zamani.

Gurobi, CPLEX na Xpress ni za kulipia, na kwenye MIP nyingi zinaziacha hizi za bure mbali. Zina leseni za bure kwa wanafunzi na wahadhiri; kama unastahili, omba, usione haya. Mara nyingi nyuzi 4 za solva ya kulipia zitaishinda klasta yako yote.

Naweza kujaribu bila kusakinisha chochote?

Ndiyo. NEOS Server ipo tangu mwaka 1996, ilianzia maabara ya Argonne na sasa inatunzwa Wisconsin. Unapakia faili la modeli, unachagua solva, unasubiri jibu. Bure. Usipakie data ya siri ya mwajiri wako.

Pengo kati ya jibu bora na kikomo limekwama asilimia 1.8 tangu jana. Niombe mashine zaidi?

Kwanza tazama logi: ni upande upi umekwama? Kama jibu bora linaendelea kuwa bora huku kikomo kimetulia, uko karibu, na mashindano ya mipangilio tofauti kwenye viini vichache yatasaidia. Kama jibu halijabadilika tangu saa ya kwanza na kikomo ndicho kinachotambaa, mashine zaidi zitakifanya kitambae haraka kidogo tu.

Katika hali hiyo ya pili, fungua modeli utafute mambo mawili. La kwanza, namba kubwa za kubuni. Mtu anaandika "ghala likifunguliwa, mzigo usizidi 1,000,000" ilhali ghala lenyewe linabeba tani 800. Solva ikilegeza masharti, inafungua ghala kwa kiasi cha 0.0008 na kupitisha mzigo wote karibu bure. Kikomo kinakuwa takataka. Weka 800.

La pili, mapacha. Una Canter 12 zinazofanana kabisa, na kwenye modeli umezipa namba 1 hadi 12. Kwa solva, kupeleka Canter ya 3 Morogoro na ya 7 Tanga ni mpango tofauti na kupeleka ya 7 Morogoro na ya 3 Tanga. Mpango mmoja unaweza kuwa na mapacha hadi milioni 479, na mti unawatembelea kwa heshima zote. Badala ya kuuliza "Canter ipi iende Morogoro", uliza "Canter ngapi ziende Morogoro".

Nilimrudishia mteja mmoja modeli yake baada ya mabadiliko hayo mawili. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba viini 256. Iliisha kwa dakika 11 kwenye laptop yake, kiini kimoja, huku akiwa amefungua na YouTube.